Vidole Vitatu Kupita Mstari

Jicho langu halijawahi kukosea mstari. Waulize watu wa upande wa kusini wa jiji la Milwaukee, wale waliocheza boling, mchezo wa kuangusha pini kwa tufe, kwenye chumba cha chini cha baa ya Wojtal enzi zile njia zake sita zilipokuwa bado hai. Lenny Zastrow akishakaa kwenye kiti, hata ncha ya kamba ya kiatu ikivuka, mkono uko juu. Mbwa wa polisi walipaswa kuja kwangu kusoma.

Hayo nimeyasema miaka mitatu mfululizo, mezani na barabarani, na mara moja hata kwa daktari wa meno, mdomo ukiwa umejaa pamba. Tatizo ni dogo tu: siku moja jicho hilo lilitakiwa kweli, na siku hiyo lilikuwa limekwenda kutazama mengine.

Nianze na kiti. Kila njia ya boling ina mstari mweusi. Unapiga hatua nne au tano, unateleza, unaachia tufe, na kiatu chako kinabaki upande wako. Ukivuka ni faulo, na hata pini zote kumi zikilala chali unaandikiwa sifuri. Ukumbi wenye hela una jicho la umeme pale mstarini. Likiona kiatu, linapiga kengele. La Wojtal lilikuwepo, ila lilikuwa limerukwa na akili. Friji kubwa la bia kule juu lilipoanza kunguruma, kengele nayo ililia, awepo mtu mstarini asiwepo. Wojtal, mwenye baa, alikata waya wake mara mbili, na mara mbili fundi wa friji akauunga tena akidhani anatusaidia.

Sheria ya ligi ilisema jicho likiugua, awekwe mtu. Anakaa kwenye kiti kirefu ubavuni mwa mstari, anatazama miguu tu. Haongei. Akiona faulo anainua mkono, basi. Nami nilichaguliwa kwa kura zote, msifikiri ni kwa sababu ya macho.

"Mwekeni huyu pale," alisema Bi Bernice, "angalau masikio yetu yapumzike Jumapili."

Bi Bernice Jablonski alicheza na shati la marehemu mumewe, jina lake Eugene limeshonwa kifuani kwa uzi mwekundu. Hakutaka lifumuliwe. Kwa hiyo zamu yake ikifika ukumbi mzima uliita, "Eugene, amka, zamu yako!" naye anainuka na makalio yake mapana, anacheza kuliko Eugene alivyowahi kucheza. Kulikuwa na Dutch Lemke, nahodha wa timu pinzani, aliyekula yai zima lililolowekwa kwenye siki kabla ya kila raundi ya kumi, halafu anakusalimia kwa karibu ili harufu iutoe mkono wako nguvu. Na alikuwepo Mzee Florian Kulas.

Florian alikuwa na miaka sabini na moja, na hamsini na miwili kati ya hiyo aliitumia mle chini. Kabla ya kurusha alipuliza vidole, akaziangalia pini kule mwisho, akanong'ona, "Samahani, akina mama." Kisha aliziangusha kwa adabu. Mara mbili alifika mia mbili tisini na tisa, pini moja ikabaki imesimama kama mkwe aliyenuna. Mia tatu, mchezo usio na doa, pini zote kumi chini mara kumi na mbili mfululizo, hakuwahi kuupata. Lakini haikuwa hiyo aliyojisifia. Alijisifia soli.

Mbele ya mstari mbao hupakwa mafuta, ili tufe liteleze. Kiatu cha kuchezea kina soli ya ngozi laini, na kikigusa mafuta yale kinapata doa jeusi lisilotoka hata ukikisugua na roho yako. Florian alikaa kwenye benchi, akageuza kiatu cha kushoto juu, akakipiga brashi ndogo ya waya huku tukimtazama.

"Unaona hii, kijana? Miaka hamsini na miwili. Viatu nimebadilisha jozi tisa, na hakuna hata kimoja kilichoonja mafuta. Mtu akijua mguu wake uko wapi, mambo mengine yatajipanga."

"Mzee, mimi hata kichwa changu sijui kiko wapi."

"Hilo tunalijua wote," Dutch alisema, mdomo umejaa yai.

Jumapili ya mwisho ilikuwa ya mwezi wa nne, baada ya misa. Jengo lilikuwa limeshauzwa, wiki ifuatayo njia zingeng'olewa, leo hii pale wanauza magodoro. Mikono ya Florian ilikuwa imeanza kutetemeka. Wote tuliona. Alijua ni mchezo wake wa mwisho, na sisi tulijua anajua.

Akaanza kuzilaza. Straiki, yaani zote kumi kwa tufe moja. Straiki. Straiki nyingine.

Sasa, kwetu kuna mwiko. Mtu akifikisha straiki saba mfululizo hasemeshwi. Humtaji, humtazami, huhami kiti. Bi Bernice alikuwa amekaa amening'iniza mguu mmoja vibaya, akabaki hivyo hivyo. Dutch alikuwa na yai mkononi, hakuthubutu kulila wala kuliweka. Kwenye straiki ya kumi njia zote nyingine zilisimama. Watu arobaini, kimya cha kanisani, na mimi juu ya kiti changu, mtu ambaye hata usingizini nazungumza, nimefunga mdomo saa nzima na nusu. Nilihisi maneno yamenijaa hadi kwenye magoti.

Straiki ya kumi na moja. Florian akafuta tufe kwa kitambaa. Lilibaki moja.

Nikamwona Bi Bernice. Uso umemkaza, macho yamemtoka, mguu umekufa ganzi. Sijui nini kilinipata. Au najua: nilitaka mtu mmoja, mmoja tu, acheke. Nikamfanyia uso wa ng'ombe anayetafuna, taya huku na taya kule, macho yamepinda. Akaziba mdomo kwa kola ya Eugene, mabega yakaanza kumruka. Nikaongeza pembe kwa vidole.

Nyuma ya sikio langu nikasikia, "Samahani, akina mama." Hatua nne. Kiatu kikateleza. Tufe likanguruma, pini zikapiga kelele zote kumi kwa pamoja, na kabla mtu hajapata pumzi ya kushangilia, kule juu friji likawaka.

Kengele ya mstari ikalia.

Watu arobaini wakanigeukia mimi.

Mngeona wepesi wa kilichotakiwa. Ilikuwa niseme, "Sikuona." Kitabu cha ligi kilikuwa na jibu lake: mwamuzi asipoona, hakuna faulo. Hata Dutch, ambaye timu yake ingepigwa, alipaza sauti, "Lenny, hiyo kengele ni kichaa, tunaijua! Sema tu ni safi twende tukanywe!"

Lakini kusema sikuona ni kusema nilikuwa natazama wapi. Mbele ya watu wote wale, siku ile, kwa mzee yule. Kusema ni safi nako niliogopa: je, kama kweli alivuka? Kengele ilikuwa imelia. Kengele ilikuwa na uhakika kuliko mimi. Na mkono wangu, huu hapa, ukapanda wenyewe.

Hakuna aliyebisha. Hilo ndilo lililonimaliza. Kila mtu alijua ninavyompenda Florian. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika tufe. Wakasema kimoyomoyo: kama Lenny mwenyewe, anayempenda hivyo, kainua mkono, basi mzee kavuka. Mapenzi yangu ndiyo yaliyotumika kama ushahidi dhidi yake.

Wakaandika mia mbili tisini.

Florian alisimama akitazama mstari. Kisha akaja kwenye kiti changu, polepole.

"Umeona, mwanangu?"

"Nimeona, mzee."

"Basi umefanya kazi yako." Akanipiga bega. Akakaa kwenye benchi, akavua viatu bila kuvigeuza. Siku zote alivigeuza. Siku ile hapana. Akavitumbukiza kwenye mfuko wake wa kubebea vifaa pamoja na tufe, akafunga zipu, akapanda ngazi na viatu vyake vya misa.

Mngesema ni mchezo tu, kumi zimekatwa, mia tatu zimekwenda. Nami nilijiambia hivyo. Lakini mwezi wa sita nikasikia Florian amempa binti yake funguo za gari. Hakunyang'anywa, alimpa mwenyewe.

"Mtu asiyejua mguu wake uko wapi," alimwambia, "asiguse breki."

Akaanza kushuka ngazi kwa kushika ukuta. Akaacha kucheza polka kwenye harusi, mzee aliyekuwa akichosha mabibi watatu kwa wimbo mmoja. Nikajitolea kuwa dereva wake. Kinyozi, misa, duka la soseji, namzungusha kila wiki, na watu wakanisifu, kijana ana moyo huyu. Kila nikisimama kwenye taa nyekundu nilikuwa na sentensi tayari. Ikija kijani, naisahau. Milwaukee ina taa nyingi sana.

Badala yake nikaanza kuisimulia kama hadithi ya kuchekesha. Kila mwaka, Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa nne, wachezaji wa Wojtal tuliobaki tunakutana kula samaki wa kukaanga kwenye baa nyingine, na kila mwaka mtu lazima aniombe nieleze ile faulo. Niliieleza vizuri. Nilikuwa na sauti ya kiatu, sauti ya kengele, na jicho langu kali. Florian alisikiliza hadi mwisho, akainamisha kichwa, akauliza swali lile lile.

"Vidole vingapi, Lenny?"

Alimaanisha kiatu kilipita mstari kwa upana wa vidole vingapi. Mwaka wa kwanza nilisema kimoja. Wa pili nilisema viwili, maana kimoja kilionekana uonevu. Ijumaa iliyopita meza ilikuwa imechangamka, brandi imezunguka, nami nilikuwa kwenye utamu wa hadithi.

"Vidole vingapi, Lenny?"

"Vitatu, mzee!" Nikainua mkono, vidole vitatu vimesimama wote wavione. "Ulikuwa karibu kuingia jimbo jingine!"

Wakacheka. Dutch akafuta siki kwenye kidevu.

"Ngoja. Mwaka jana si vilikuwa viwili? Mguu wa huyu mzee bado unakua?"

Wakacheka tena. Florian pia alitabasamu, lile tabasamu la mtu anayekubali hukumu. Bi Bernice hakucheka. Alikuwa amevaa shati la Eugene. Akainama chini ya meza, akatoa mfuko ninaoufahamu.

"Florian, huu uliutoa juzi kwa ajili ya mnada wa kanisa."

"Niliutoa. Kuna mteja?"

"Mimi ndiye ninayepanga vitu vya mnada. Ilibidi niufungue."

Akasukuma kando bakuli la kabichi. Akaweka kiatu cha kushoto mezani, soli juu, katikati ya miiba ya samaki.

Soli ilikuwa ya kijivu, imepigwa brashi vizuri, kavu toka kisigino hadi kwenye vidole. Haikuwa na doa hata la ukubwa wa dengu.

Florian akakipeleka kidole gumba juu ya ngozi, taratibu, kama mtu anayesoma gizani. Akakirudisha. Akakinusa kidole.

"Hiki ndicho nilichovaa siku ile," alisema. "Sijakivaa tena."

"Najua," alisema Bi Bernice. Kisha akanigeukia mimi, na sauti yake haikuwa na hasira, ningeshukuru ingekuwa nayo. "Lenny, ulikuwa unanifanyia uso wa ng'ombe. Na mimi nilikuwa nacheka. Miaka mitatu nimejiambia kwamba uligeuka kwa wakati."

Florian aliinua macho kutoka kwenye kiatu. Hakuyaelekeza usoni kwangu. Aliyaelekeza juu kidogo, ambako mkono wangu ulikuwa bado umesimama, vidole vitatu, na mimi sikujua namna ya kuushusha.