Vitukuu wa Mtemi Itambula

Mussa alikuwa fundi cherehani wa Tabora mjini, na hadi mwaka jana hakuwa na undugu na mtu yeyote mkubwa. Kisha likatoka tangazo: barabara mpya ya Ntalikwa itaitwa kwa jina la Mtemi Itambula, mtawala wa kale wa huko, na siku ya uzinduzi vitukuu wake watakaa chini ya hema pamoja na mgeni rasmi.

Mji ukafurika vitukuu. Kinyozi kitukuu, muuza asali kitukuu. Mussa naye akakumbuka bibi yake alivyokuwa akisema kwamba wao si watu wa hivi hivi, akajishonea joho lenye tarizi ya dhahabu. Mkewe Batuli alimkuta akijigeuza mbele ya kioo.

"Huyo Mtemi wako alifanya nini hasa?"

"Alipigana na Wajerumani."

"Na kabla ya Wajerumani?"

"Alikuwa mfanyabiashara," Mussa alisema, akaanza kutafuta sindano ambayo hakuwa na haja nayo.

Biashara yenyewe kila mtu Tabora anaijua. Pembe za ndovu zilikwenda pwani, na waliozibeba hawakuulizwa kama wana nafasi.

Siku ilipofika, hema lilijaa hadi mgeni rasmi akakosa pa kunyoosha miguu. Alisoma hotuba yake kwa sauti nene: shujaa, mzalendo, mpenda maendeleo. Akafungua ukurasa wa pili, ambao ni dhahiri hakuwa ameupitia, maana sauti ilianza kupungua. Humo iliandikwa kwamba, kwa kuwa Mtemi aliuza watu, kitukuu mmoja asimame awaombe radhi wale ambao ndugu zao waliuzwa.

Kinyozi alikumbuka ameacha mteja kitini. Muuza asali akaeleza kwamba yeye, ukichunguza sana, ni wa upande wa mashemeji. Mussa aliona joho lina joto. Akalivua, akalikunja, akalikalia.

Ndipo mwanamke mmoja akasogea kutoka juani, walikosimama wasioalikwa. Alikuwa Apolinaria, mkulima wa Ntalikwa, ambaye barabara ilipita katikati ya shamba lake la karanga.

"Nitaomba mimi," alisema. "Mtemi alimzaa babu yangu."

Wilbroad, mwenyekiti wa kamati ya uzinduzi, alishusha pumzi. "Ahsante sana, mama. Na wa kupokea radhi yuko wapi?"

"Ni mimi pia. Alimzaa na mtumwa wake. Babu alipoota meno, mama yake akauzwa kwenye msafara." Akageuka akawatazama waliokaa kivulini. "Kuomba, naomba. Kupokea, bado nafikiria."

Mgeni rasmi alipiga makofi mawili, akaona yuko peke yake, akaacha.

Watu walipotawanyika, kibao cha jina la barabara kikiwa bado kimefunikwa kitambaa, Mussa alimfuata Apolinaria, aliyekuwa akikokota baiskeli barabarani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Huyo aliyeuzwa, aliitwa nani?"

"Hatujui. Waliomjua walikatazwa kumtaja. Babu alikuwa akimwita 'mama' tu, hata uzeeni."

Mussa alimpokea baiskeli, akaikokota, wakaenda pamoja hadi shambani, na huko akakaa akimsaidia kung'oa karanga zilizosalia kando ya lami.