Chupa Iliyobarikiwa

Katunge aliichagua ile chupa mwenyewe. Hakuna aliyemshauri aichukue, na hakuna aliyemlazimisha.

Ulikuwa mwisho wa mwezi wake wa kwanza kazini. Alikuwa amemaliza shahada ya sayansi ya chakula, akarudi nyumbani Ndithini kupalilia mbaazi kwa misimu kadhaa akingoja kuitwa mahali popote, hadi kiwanda kimoja cha unga kule Athi River kikamchukua kwa mkataba awe msaidizi katika maabara. Kwao, mshahara wa kwanza haukuwa wa aliyeupata. Ulikuwa wa mzazi. Unamnunulia kitu, unamkabidhi mbele ya watu, naye anakubariki juu ya kitu hicho. Wengine walinunua blanketi, wengine mabati. Katunge alijua atanunua nini tangu siku alipoitwa kazini. Mamake, Mbula, alisuka viondo vya mkonge, na tangu mvua za mwaka uliotangulia alikuwa akilalamika kidogo kuhusu viungo, kwa ile namna yake ya kulalamika huku akicheka.

Alishuka Tala akaingia duka la dawa. Mwenye duka, mwanamke aliyeitwa Carol, alimpangia chupa kwenye kaunta: mafuta ya ini la samaki, vidonge vya manjano na tangawizi, na chupa moja kubwa kutoka ng'ambo, yenye glukosamini na vitu vingine vingi, na picha ya nyanya mwenye mvi akikimbia mlimani. Katunge alisoma majina yaliyoandikwa ubavuni. Mengi aliyajua kutoka darasani, na moyo wake ukajaa furaha ya mtu anayekutana na jamaa ugenini.

"Ni ya nani?" Carol aliuliza.

"Mama yangu. Viungo vinamsumbua."

"Vinauma asubuhi akiamka, ama jioni akishachoka?"

Katunge aliigeuza chupa mkononi. Hakujua. Alikuwa ameishi nyumba moja na mamake mwaka mzima, na hakujua. Aliona aibu kusema hivyo mbele ya mgeni.

"Jioni," alisema.

"Vidole vinavimba? Vinakuwa na joto?"

"Ni umri tu."

"Na kuna dawa ya hospitali anatumia?"

"Hakuna."

Carol alimwangalia. "Uko sure? Hivi ni virutubisho, dada, si dawa. Mwenye goti lililochakaa, vinaweza kumsaidia, ama visimsaidie. Lakini kama mikono inavimba na kukakamaa asubuhi, hiyo ni kazi ya daktari. Usimpe hii ukidhani umemaliza."

"Mimi nimesomea mambo haya," Katunge alisema. Hakusema kwa majivuno. Alisema haraka, kama mtu anayefunga mlango kabla mvua haijaingia ndani. "Nipe hiyo kubwa."

Aliikabidhi Jumamosi, siku ya mwethya. Wanawake wa kikundi hicho walisaidiana kulima, leo shamba la huyu, kesho la yule, na siku hiyo walikuwa wakichimba matuta kwa Mbula. Walipopumzika kunywa uji, Katunge aliitoa chupa ndani ya karatasi. Mbula alifuta mikono kwenye leso, akaipokea kwa viganja viwili, akasimama. Alivuta maji kidogo mdomoni, akayanyunyiza polepole juu ya chupa, kisha juu ya mikono ya bintiye.

"Kazi yako isimame," alisema, "kama mimi nitakavyosimama kwa hii dawa. Ikae kwako kama itakavyokaa kwa mifupa yangu."

"Amina," wanawake waliitikia.

"Sasa Mbula atachezea timu ya taifa," alisema Nduku, jirani yao, na watu wakacheka hadi uji ukamwagika.

Kuanzia hapo, kila Katunge alipokuja nyumbani, alimkuta mamake na neno moja: "Niko sawa." Palikuwa na kiondo kipya kikining'inia ukutani. Chupa ilikaa kwenye rafu ya sebuleni, karibu na picha ya ubatizo. Katunge aliwasimulia wenzake maabarani, na mmoja wao akamnunulia baba yake chupa kama hiyo. Yeye mwenyewe alipeleka nyingine nyumbani kabla ya ile ya kwanza kwisha. Kila alipoiweka rafuni, alihisi kwamba elimu yake imeanza kulipa.

Jumamosi moja mwezi wa Agosti alifika asubuhi, bila kutuma habari. Baridi ilikuwa bado imeshika. Mbula alikuwa ameketi jikoni, mikono yote miwili ndani ya karai la maji ya moto. Alipomwona bintiye aliitoa upesi, akaificha ndani ya leso.

"Wakya, Katunge," alimsalimu kwa Kikamba.

"Aah, Mwaitu," Katunge aliitikia, akimwita mama kwa lugha yao. "Unafua nini asubuhi hivi?"

"Nilikuwa naosha vyombo. Kaa, kuna chai."

Katunge hakuviona vyombo, lakini alikuwa amechoka, na kiti kilikuwa karibu na moto. Kusimama siku nzima kwenye sakafu ya saruji kulikuwa kumemletea maumivu ya goti. "Mwaitu, nipe na mimi kidonge kimoja kwa ile chupa yako," alisema kwa utani. "Mwajiriwa amezeeka."

"Kunywa chai kwanza."

"Nakunywa. Nipe tu."

Mbula aliinuka, akaileta chupa. Ilikuwa na kile kifuniko cha kuzuia watoto, ambacho hakifunguki mpaka ukikandamize chini kwa nguvu huku ukikizungusha. Mbula alikiwekea kiganja. Akakandamiza. Kifuniko kikazunguka bure, tak-tak-tak, kikarudi palepale. Akajaribu tena kwa mkono mwingine, kisha kwa kuibana chupa kati ya magoti. Tak-tak-tak.

"Kimekaza leo," alisema, akicheka.

Mlango ukasukumwa. "Haya, mgonjwa, leta hiyo chupa nikufungulie mapema, mimi naenda kuteka maji," Nduku alisema akiingia, kisha akamwona Katunge. "Ai! Mwana wa Mbula! Siku hizi unaingia kwa watu kimya kama paka?"

Katunge aliiweka chai chini. Alienda kwa mamake, akaichukua mikono yake, na kwa mara ya kwanza akaitazama. Vifundo vya vidole vilikuwa vimevimba na kung'aa, na vilikuwa na joto ambalo halikutoka kwenye karai. Vidole vyenyewe vilikuwa vimeanza kuinama upande mmoja, vyote pamoja, kama nyasi zilizozoea upepo wa upande uleule.

"Anakufungulia kila siku?"

"Si kila siku," Mbula alisema.

"Kila siku," Nduku alisema.

Katunge aligeukia kiondo ukutani. "Na kile? Nani alisuka kile?"

"Chini ni mimi, juu ni mama Kimeu wa mwethya," Nduku alisema. "Kwani hukuona? Mamako angepanga zambarau na rangi ya machungwa hivyo? Tulikuwa tunatundika kipya ukikaribia kuja. Leo hukutupa nafasi, ndiyo maana unakuta kile cha mwezi jana."

Yeye peke yake alicheka, na hakucheka sana. Akachukua mtungi wake akatoka.

Walipobaki wawili, Mbula alisema yote bila kulazimishwa, macho yake kwenye moto. Kabla bintiye hajapata kazi, alikuwa akienda kliniki katika hospitali moja mjini Machakos. Hakusema kwa sababu Katunge alikuwa na mawazo yake ya kutafuta kazi, na mzigo mmoja unatosha kichwa kimoja. Daktari alimpima damu, akasema haya si maumivu ya viungo ya uzee: mwili wenyewe unavishambulia viungo vyake. Akampa vidonge vya kumeza mara moja kwa juma, na kumwambia arudi kupimwa. Nafuu ilikuwa imeanza kuja, polepole. Kisha chupa ikaja.

"Kwa nini hukuendelea na vyote viwili?"

"Ningeendeleaje? Hii nimeibariki. Nikimeza ingine pembeni, si ni kama nimesema ya mtoto wangu haitoshi? Na nilisema kwa mdomo wangu, Katunge, mbele ya watu. Kazi yako isimame kama mimi nitakavyosimama. Sasa niseme sisimami?"

Katunge alitaka kumwambia kwamba hayo ni maneno tu. Alikuwa na sababu zote tayari, zimepangwa kama alivyofundishwa kuzipanga. Lakini juma lililopita kiwanda kilikuwa kimewaondoa baadhi ya watu wa mkataba, wenzake waliingia ofisini mmoja mmoja na kutoka wamebeba makoti, na jina lake halikuitwa. Jioni ile alikuwa amekumbuka yale maji baridi kwenye mikono yake, akashukuru. Na sasa, hapo jikoni, kwa muda mfupi kama wa kupepesa jicho, alijikuta akitaka mamake aendelee kunyamaza. Anyamaze mpaka mkataba ufanywe upya. Anyamaze tu kidogo.

Aliiona fikira hiyo kwa uwazi, kama anavyoona mdudu ndani ya unga. Akaona aibu.

"Carol aliniuliza," alisema.

"Carol ni nani?"

"Mwenye duka la dawa. Aliniuliza unaumwa asubuhi au jioni. Sikujua, Mwaitu. Nikatunga. Akaniuliza kama uko na dawa ya hospitali, nikasema hakuna."

Mbula alimwangalia, kisha akaziba mdomo kwa leso. Katunge alidhani analia, kumbe anacheka. "Ungesema asubuhi," alisema. "Asubuhi hata kifungo cha nguo kinanishinda."

Hakumlaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililomuumiza Katunge kuliko yote.

Mchana mwethya ilikutana shambani kwa Nduku. Katunge alienda, amebeba chupa. Alijua kwamba mamake hangekwenda kliniki kwa kuambiwa faraghani, maana neno lililosemwa mbele ya watu lingefunguliwa mbele ya watu haohao. Walipoketi kunywa uji, alisimama.

"Zawadi niliyomletea Mwaitu ilikuwa mbaya," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ninaichukua. Nitampa nyingine. Jumatatu nitampeleka mimi mwenyewe kliniki yake, na kila siku ya kliniki nitakuja. Hiyo ndiyo zawadi yangu ya mshahara wa kwanza."

Wanawake walitazamana. "Zawadi iliyobarikiwa hairudishwi," alisema Kalunde, mkubwa wao, taratibu. "Sijaona."

"Na mbuzi wa mahari akifa njiani?" Nduku aliuliza.

"Huyo hubadilishwa."

"Anabadilishwa, na ndoa inakaa. Hakuna mtu anasema bibi arudi kwao kwa sababu mbuzi alikufa. Sembuse chupa, ambayo hata kufunguka imekataa!"

Kicheko kilianza upande mmoja, kikazunguka. Kalunde mwenyewe alitabasamu, akaangalia chini. Lakini Mbula hakucheka.

"Na kazi ya mtoto?" aliuliza. "Jumatatu ni siku ya kazi. Wamefukuza watu huko. Mnafikiri sijasikia?"

"Kama kazi yangu inasimama juu ya vidole vyako, Mwaitu," Katunge alisema, "wacha ianguke."

Alinyoosha mikono yake mitupu mbele ya mamake, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kubarikiwa. Mbula aliitazama. Kisha akaomba maji. Kikombe kilimshinda kukishika, Nduku akamshikilia. Mbula akayanyunyiza juu ya mikono hiyo. Safari hii hakuifunga kazi na kitu chochote. Alisema tu, "Nenda salama, rudi salama," maneno anayoambiwa mtu yeyote anayeondoka nyumbani.

Jumatatu walikaa kwenye benchi la kliniki tangu mapema. Daktari aliipokea mikono ya Mbula kama mtu anayepokea mayai. Alitikisa kichwa kwa miezi iliyopotea, akaandika dawa, akasema vifundo vingi vitatulia kama ataendelea bila kukatiza. Kisha akajaribu kukinyoosha kidole cha pete cha mkono wa kushoto, na kile cha mwisho kilicho jirani yake. Havikunyooka.

"Hivi viwili havitarudi," alisema. "Tungekuwa tumeendelea na dawa..." Akaangalia uso wa Katunge, akaacha sentensi yake hapo.

"Ni viwili tu," Mbula alisema. "Vingine viko."

Kazini mkubwa wake alimkemea vikali kwa kukosa siku, naye akasikiliza bila kujitetea. Hakufukuzwa, na hakujua kama anastahili kufurahi.

Mwishoni mwa mwezi alirudi Ndithini. Hakuleta kitu ndani ya karatasi. Aliketi mkekani kando ya mamake, akapandisha sketi hadi juu ya goti, akachukua nyuzi za mkonge na kuanza kuzisokota juu ya paja kwa kiganja, jinsi alivyoona ikifanywa tangu utoto na hakuwahi kutaka kujifunza. Mkonge ulimchubua. Paja likawa jekundu. Uzi ulitoka mnene hapa, mwembamba pale.

Mbula aliupokea, akaupitisha polepole kati ya vidole vilivyokuwa vimeanza kupoa. Aliufikisha kwenye vile viwili, akaviruka.

"Hii ni kamba ya kufungia mbuzi," alisema.

"Nitasokota ingine."

"Sokota. Asubuhi naumwa kidogo, jioni nakuwa sawa. Umesikia? Ukiulizwa tena, ujue."

"Asubuhi," Katunge alirudia, na kuinamia paja lake ili mamake asione macho yake. Akachukua nyuzi nyingine.