Gauni Lililokatwa Alasiri

Nasro hakuwa na tepu ya kupimia, na hakuitaka. Mtu akija kushonewa gauni kwenye kibanda chake kambini Kakuma, humwambia alale chali juu ya kitambaa sakafuni, atanue mikono kidogo, asicheke. Kisha humchora pande zote kwa kipande cha sabuni kilichokauka, kuanzia shingoni hadi chini ya magoti, akiacha upana wa vidole viwili kwa ajili ya mshono. Hukata, hushona ubavu huu na ule, hukunja pindo, na gauni limekwisha. Wateja huvumilia vumbi la sakafu kwa sababu gauni lake halimbani mtu kwapani.

Abei alijifunza kutembea kwa kushikilia meza ya cherehani ya Nasro. Mama yake, Atiir, Mturkana wa ng'ambo ya laga, ule mto mkavu unaopita kando ya kambi, alikuwa akiuza kuni kambini, na kwa kuwa huwezi kubeba kuni kichwani na mtoto mkorofi mgongoni, alimwacha kwa Nasro asubuhi na kumchukua jua likipoa. Ndivyo Abei alivyokua na mama wawili. Mmoja alimwita mama, wa pili hooyo, kama Wasomali wanavyomwita mama, na aliyemnyima kitu alimshtaki kwa mwenzake. Alipokuwa mkubwa akaenda Lodwar kufanya kazi katika duka la dawa, na huko akapata mchumba.

"Hooyo, mi sitaki gauni ya duka," alisema kwenye simu. "Nataka yako. Nyeupe tu, ya kawaida."

"Njoo ulale hapa nikukate."

"Kazini hawanipi ruhusa. Kuna fundi hapa amenipima. Nikutumie namba?"

"Hiyo namba nitailaza wapi?" Nasro akauliza.

Abei akafikiri kidogo, akasema basi atatuma kivuli chake.

Kivuli kiliondoka Lodwar kesho yake jua lilipochomoza, kikafuata ukingo wa barabara. Kwenye kizuizi cha polisi karibu na Kakuma, askari mmoja aitwaye Kipchumba alikuwa akikagua vitambulisho vya abiria. Alikiona kikija, akainua buti lake kikapita. Kivuli hakina mfuko wa kuwekea kitambulisho, na hakuna mkubwa aliyewahi kumwagiza akague vivuli.

Kilimkuta Nasro ameshaswali alasiri, amekaa na Atiir wanakunywa chai ya maziwa ya ngamia.

"Ejok," Atiir akakisalimia. "Umekonda. Huko Lodwar hakuna chakula?"

Nasro akatandika popilini nyeupe, kivuli kikajilaza bila kuambiwa. Alichora huku Atiir akimsimulia habari za shemeji yake aliyegombana na kanisa zima, na habari hiyo haikuwa fupi. Jua likazidi kuinama. Jioni kivuli kilipoaga, Nasro akakata na kushona, na gauni lilipokwisha lilikuwa la kuvalishwa nguzo ya stima.

Atiir alilinyanyua, akalitazama juu hadi chini. "Kwani mtoto yangu ni twiga?"

"Ni wewe na shemeji yako," Nasro akasema.

Gauni hilo likawa pazia. Nasro alijilaumu, maana ikiwa kuna mtu aliyepaswa kujua mambo ya vivuli ni yeye. Uani kwake amechomeka kijiti kinachomwambia saa ya sala. Kivuli cha kijiti kikiwa na urefu wa kijiti chenyewe, alasiri imeingia. Kabla ya hapo kivuli ni kifupi mno na baada ya hapo ni kirefu mno. Saa ya kumkata mtu gauni kwa kivuli ni hiyo tu.

Kivuli kilipokuja mara ya pili alikisubirisha uani, macho yakiwa kwenye kijiti, na Atiir akaamriwa anyamaze. Adhana iliposikika Nasro alikuwa tayari amepiga magoti, sabuni mkononi. Sala ingemngoja kidogo, jua lisingemngoja. Alichora shingo, akashuka begani, na hapo mkono ukasita. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka kidogo, kwa vile Abei alizoea kuegemea meza ya cherehani akimwangalia akishona. Alikuwa amelisahau bega hilo. Akalipitishia sabuni tena bila haja yoyote, kwa sababu alikuwa amemkumbuka mno mtoto wake.

Simu ikalia. "Hooyo, irudishe mapema. Mchumba ameanza kuuliza kivuli yangu iko wapi."

"Mwambie iko kwa mama yake."

Gauni la pili lilikaa sawasawa. Nasro alijua hivyo bila kulijaribisha kwa mtu.

Lililobaki lilikuwa yeye mwenyewe kufika harusini. Mkimbizi hatoki kambini bila kibali, kwa hiyo alikwenda kukiomba. Karani alimpa kiti, akamuuliza huyo bibi harusi ni nani wake.

"Ni mtoto yangu."

"Lakini mama, yeye ni Mturkana."

"Nimemlea."

"Kulea si undugu, mama," karani akasema kwa upole, akamwita aliyekuwa nyuma ya Nasro kwenye foleni.

Nasro alivaa nguo yake ya sherehe hata hivyo, bila kibali. Siku ya harusi alipanda pikapu pamoja na Atiir, gauni na mbuzi wawili wa karamu, akitumaini askari angeshughulika zaidi na mbuzi. Kipchumba alipomwomba kibali, akashuka bila kubishana. Kivuli chake hakikushuka. Kilibaki nyuma ya pikapu, kimekaa kati ya mbuzi, kimeshika gauni.

"Hiyo ni yako?" Kipchumba akauliza.

"Ni yangu."

"Hiyo haina shida. Endeni." Kisha akamwekea Nasro jerikani akalie mpaka lipatikane gari la kumrudisha. "Mama, usinichukie. Si mimi."

Na kweli hakuwa yeye. Karani naye hakuwa yeye. Katika mambo haya kila unayemkuta si yeye.

Kanisani Lodwar watu walisogea wakakiachia kivuli nafasi kwenye benchi la mbele, kando ya Atiir. Abei alipoinuka kwenda altareni kilimfuata, kikainama kumnyoosha pindo, kikarudi mahali pake. Kwenye ngoma kijana mmoja alikikanyaga, akaomba radhi. Katika picha zote kimesimama nyuma ya bibi harusi, mkono wake begani, begani kushoto. Mpiga picha alijitolea kukifuta, Abei akamwambia akifuta hicho asimletee picha hata moja.

Kivuli kilirudi Kakuma baada ya siku chache. Nasro alikuwa akikata vitambaa mlangoni, akahisi kimemshika tena miguuni. Kilikuwa kinanukia manukato ya Abei na moshi wa nyama ya kuchoma. Alikaa chini palepale, akakinusa, akalia kidogo. Kisha akaendelea na kazi, maana kulikuwa na mteja amelala sakafuni.

Mwaka jana Abei alijifungua mtoto wa kike, akampa jina la Nasro. Nasro mkubwa alirudi kwa karani. Karani alikuwa mwingine, mpole kama wa kwanza, na alitaka kujua mtoto huyo ni nani wake.

"Ana jina yangu," Nasro akasema.

Jina nalo halikuwa undugu. Aliporudi nyumbani alichukua kipande cha popilini kilichobaki kwenye gauni la harusi, akakitandika uani karibu na kijiti. Mtoto alikuwa bado hajaanza kutambaa, kwa hiyo kivuli chake kisingeweza kuja peke yake. Kivuli cha Nasro kilikwenda kukichukua. Siku ya pili, muda mfupi kabla ya alasiri, kilionekana kikija kutoka barabarani, kikitembea kwa uangalifu, kimekumbatia kitu kidogo.

Kikakilaza juu ya kitambaa. Kivuli cha mtoto kilikuwa kimelala, ngumi zimefungwa. Nasro akapiga magoti, akachora taratibu kisiamke, akiacha vidole vitatu badala ya viwili, kwa sababu watoto hukua. Gauni alilipeleka Atiir Lodwar, na linamtosha mtoto vizuri. Mtoto mwenyewe, Nasro hajamshika mpaka leo.