Alichotaka Kumwambia Leonia

Jumapili baada ya misa, Marcelina alisimama nje ya kanisa la Bangwe akimtazama nesi Leonia, aliyekuwa amezungukwa na watu. Mimba ya Marcelina ilikuwa ya miezi minane. Tangu jana asubuhi mtoto hakuwa amecheza tumboni.

Alimjua Leonia tangu utotoni. Mama yake Marcelina alishikwa na uchungu, binti yake akiwa kando, ndani ya boti iliyotoka Kagunga, ziwa limechafuka, abiria wanapiga kelele. Leonia, wakati huo mwanafunzi wa uuguzi, aliwaambia wanawake washike vitenge wafanye pazia, akamzalisha. Kisha akashuka Kigoma, viatu mkononi, kama mtu anayetoka sokoni. Tokea hapo Marcelina hakumwona kama watu wengine. Wakikutana njiani ulimi ulikuwa mzito, na Kiswahili chake chenye Kiha kingi kilimtia aibu.

Leo alijikaza, akasogea.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba, mdogo wangu. Hujambo?"

Mke wa diwani alikuwa amemshika Leonia mkono, akingoja kumalizia habari yake. Ghafla Marcelina aliona shida yake ni ndogo.

"Sijambo. Nilitaka kukusalimia tu."

Jumatatu, kliniki, walitafuta mapigo ya moyo wa mtoto wakayakosa. Alikuwa wa kike. Yona, mume wa Marcelina, alikwenda na wazee wawili kumzika.

Leonia alikuja nyumbani bila kuitwa, akakaa mkekani. Marcelina akamweleza alichotaka kumwambia siku ile.

"Ningekupeleka hospitali palepale," Leonia alisema. "Huenda tungemwahi, huenda tungechelewa. Sitakudanganya."

"Ulikuwa na watu."

"Wangesubiri. Na mimi nilikuona umesimama muda mrefu. Nilipaswa kukuuliza."

Marcelina hakumlaumu, lakini maneno yale hayakumpunguzia kitu. Uani, Yona alikuwa anapasua kuni, ingawa zilizokuwapo zilitosha.

Gauni la Marcelina lilikuwa limelowa kifuani. Alijifunika khanga, kisha akaiondoa.

"Sista, maziwa yamejaa. Yanauma. Hata kulala siwezi."

Leonia aliomba maji ya baridi na kitambaa safi, akamsogelea.

"Nionyeshe panapouma zaidi," alisema.

Marcelina akamwonyesha.