Divai Niliyoitema

Laurentine alinishika mukono pa mulango, akaniambia: "Stanislas, leo umeze. Unasikia? Umeze yote." Huyu bibi yangu njo mutu mumoja tu anayeniita vile. Mu karatasi za serikali mi niko Kabeya, majina ya kizungu balishayakataza. Nikamwambia ninasikia. Kama ningemusikia kweli, leo singekuwa na hii habari ya kukueleza.

Miaka kumi na tisa nilifanya kazi ya divai kwa Kosta, Mugreki mwenye magazini, duka kubwa la hapa Dilala, mu Kolwezi. Yeye njo alinifundisha. Unatazama rangi, unanusa, unatia kidogo mu kinywa, unazungusha, halafu unatema mu ndoo. Lazima uteme, juu ukimeza chupa kumi, ya kumi na moja utasema ni maji ya ziwa la Nzilo. Nyuma ya magazini alitupatia vyumba bibili. Mu ile vyumba tulizaa batoto bane, na mumoja tulimulilia mule mule.

Halafu, mu mwaka wa 73, serikali ikatosha magazini mu mikono ya bageni, ikapatia bana-inchi. Kosta akaenda na valizi mbili. Magazini, divai, ata vyumba byetu, yote ikawa ya citoyen Mwenze, vile serikali ilitulazimisha kuitana.

Mwenze alikuwa na abakosti tano, zile suti za serikali bila tai, lakini divai aliyoijua ni ile padri anaikunywa peke yake ku Misa. Siku ya kwanza alishuka mu kave, chumba cha chini ya nyumba, akakuta chupa zimelala mu baridi. Akapandisha sauti: "Nani alilaza hizi chupa?"

"Divai inalala, citoyen. Ikisimama, kizibo kinakauka, hewa inaingia."

"Kwangu hakuna wa kulala mu kazi!" Bantu bakacheka, na yeye akafurahi. Akazipandisha zote juu, karibu na manjanja, mabati ya nyumba, akazisimamisha kama pombe. Jua la Kolwezi likazipika miezi tisa. Mi nilisema mara tatu, halafu nikanyamaza. Ningefanya nini? Magazini haikuwa yangu.

Njo akaniita. "Kabeya, dimanche, siku ya Mungu, bakubwa banakuya kulinganisha divai yangu. Citoyen Numbi wa bureau ya zone, mukubwa wa serikali, atakuya. Bakifurahi, unakuwa gérant, musimamizi wa magazini, unabakia mu nyumba. Ikiharibika, lundi, kesho yake, unatosha bitanda byako." Aliisema polepole, kama mutu anayekuomba chumvi. Mi nilizaliwa hapa, mu camp ya bantu ba mine ya shaba. Kasai ya baba yangu sijui ata njia yake. Laurentine hakulala usiku ine.

Sasa ujue jambo moja. Kwa Kosta, mwenye kuonja anatema. Kwetu, mwenye kuleta kinywaji anakunywa wa kwanza mbele ya bageni, anatosha sumu, ndiyo kuonyesha haimo. Anakunywa, anameza, bantu banamutazama, halafu njo bananyoosha mikono. Ile dimanche, mwenye kuleta nilikuwa mi. Ndiyo sababu bibi alinishika pa mulango.

Bakakaa saba, na citoyen Numbi katikati, mikono juu ya tumbo. Nikafungua divai nyeupe, nikakunywa, nikameza. Ilikuwa ingali na uzima, ikiuma ulimi kama ndimu. "Ya bamama," akasema Numbi. Ya pili ilikuwa ile ya kwao Kosta, inayonuka ulimbo wa miti. Nikameza. Numbi akanusa, akauliza kama magazini inauza pia rangi ya milango. Bakacheka mpaka machozi. Ya tatu, ile ya rangi ya pera mbivu, bakaisifu juu ya sukari yake. Ya ine ilikuwa nyekundu changa, imechoka na jua lakini inasimama. Nikameza, nikaeleza tofauti yake na ya tatu. Numbi akatikisa kichwa kama anaelewa. Nikaona Mwenze anatabasamu. Nikajiambia, eeh Kabeya, nyumba umeipata.

Ya tano ilikuwa Bordeaux ya mwaka wa 59. Kosta aliitunza kreti kumi na mbili kwa ndoa ya binti yake. Mwenze akasimama, akaisifu nusu saa. Nikafungua, nikajaza glasi saba, nikajitilia na yangu. Nikatia mu kinywa.

Ilikuwa vinegre. Vinegre kabisa, ile siki ya kutia mu saladi.

Sikufikiri. Naapa kwa marehemu mutoto wangu, sikufikiri. Kinywa cha miaka kumi na tisa kilifanya kazi yake: kikazungusha, kikatema mu ndoo.

Numbi akarudisha glasi pa meza, akaisukuma mbali na kidole kimoja. "Tata, unatema nini?"

"Citoyen, njo desturi ya divai. Mwenye kuonja anatema."

"Zile ine ulimeza."

Niseme ni vinegre, nimemuvua Mwenze nguo mbele ya bakubwa. Ninyamaze, bataondoka na maneno ya sumu, na ile maneno haitoki mu muji. Mwenze alikuwa anatoka jasho mpaka mu kola. Pa mulango wa jikoni Laurentine alisimama na sahani ya mbuzi, ananitazama kinywa.

"Ni jino, citoyen," nikasema. "Linaniuma tangu asubuhi." Nikajaza glasi mpaka juu, nikakunywa yote. Nikajaza tena, nikakunywa. Koo ilikuwa moto. Nikafuta midomo, nikasema: "Ni muzuri. Njo inapita zote."

Numbi akanitazama muda murefu, akingoja nianguke. Sikuanguka. Akachukua glasi yake, akakunywa. Uso wake ukajikunja kama wa mutoto aliyepewa dawa ya kinini. Akatazama benzake, akameza.

"Hii," akasema, "njo divai ya banaume!"

Wote bakakunywa, wote bakasema ya banaume. Mwenze akanipiga pa bega: "Gérant!"

Nyumba tuko nayo mpaka leo, aksanti Mungu. Kila dimanche banarudi, banataka ile ile, juu Numbi alishaichagua na hakuna wa kumurudisha nyuma. Kila dimanche mi nakunywa wa kwanza, nasema ni muzuri. Tumbo linaniwaka siku tatu, mpaka mercredi. Zimebakia kreti nane. Namuchukia Mwenze, namuchukia Numbi, na najichukia mi kuliko wao bote.

Jana Laurentine alitia ugali wa bukari na mboga ya sombe pa meza, akaniuliza kama alivyoniuliza miaka yote: "Onja kwanza. Iko namna gani?"

Nikaonja. "Ni muzuri," nikasema.

Akabakia ananitazama, kijiko mu mukono. "Stanislas, sikutia chumvi. Ata kidogo. Nilitaka nione."

Nilijua, bwana. Ulimi ulijua mara moja. Lakini nilikuwa nishameza.