Prudensia na Miti Arobaini

Jumamosi saa nne asubuhi, huko Ihembe, Prudensia alitandika mkeka uani, akaweka katikati kisahani cha kahawa ya kutafuna. Celestin, mnunuzi wa butura, yaani yule anayenunua kahawa ingali maua kwa bei ya kutupa, akamwamkia shikamoo kwa adabu zote, akaketi akikipa mgongo kibanja, shamba la kahawa lililo nyuma ya nyumba, akachanganya karata.

Marehemu mume wa Prudensia alikuwa amemuuzia maua ya miti yote arobaini. Celestin alikubali kuichezea hati ya mauzo hayo poka, mchezo aliofundishwa na madereva wa malori pale Mutukula. Punje moja ya kahawa ya kisahanini, mti mmoja. Prudensia akishinda, mavuno ni yake. Akishindwa, na maua ya mwakani yanakwenda.

Raundi ya kwanza Celestin akaongeza dau. Prudensia alikuwa na malkia wawili. Akatazama kibanja nyuma ya mgeni: kahawa yote mbichi. Akatupa karata. Celestin alikuwa na wafalme watatu.

Raundi ya pili akaongeza tena. Mti ulio karibu na choo ukaiva wote kwa mpigo. Prudensia akamfuata, akaweka dau sawa na lake. Celestin akafunua karata, hana kitu.

Basi ikawa hivyo. Jamaa akidanganya, mti unaiva. Akiwa na karata kweli, hauivi. Jirani Felicitas, ambaye naye alikuwa amemuuzia Celestin maua yake, alikuja kuazima jembe, akaona, akachukua kikapu, akaanza kuchuma.

"Imeiva mingapi?" Celestin akauliza bila kugeuka.

"Tisa," Felicitas akajibu.

"Kahawa inanipenda mimi. Kule Mabira huwa inaanguka yenyewe."

Kwa wasiwasi alikuwa ameshatafuna miti mitatu ya kwake mwenyewe.

Mwishoni akasukuma punje zote zilizobaki, uso mkavu. Prudensia alikuwa na saba mbili tu, jozi ya kinyonge. Aliogopa, tena sana. Akainua macho: kibanja kizima chekundu, hata miche iliyopandwa juzi.

Weee! Hakutupa, wala hakufuata tu.

"Naongeza kibanja chenyewe, Bwana Celestin. Na wewe weka hati ya Felicitas."

Hapo Celestin angeweza kutupa karata. Ila kumkimbia mjane mbele ya jirani, aa wapi! Akaitoa hati mkobani. Karata zikafunuliwa: hana hata jozi.

Prudensia alipiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika. Miti arobaini, yote yake! Felicitas akapiga magoti kupokea hati yake, akashukuru mara tatu.

Kisha Felicitas akajifuta mikono, akamuuliza Celestin kama angeyachukua maua yake ya mwakani, ambayo hayajachanua bado, maana shule zinafunguliwa Jumatatu na ada hana. Celestin akatoa kalamu. Prudensia akawapa kigoda cha kuandikia, akajitwika kikapu, akaingia kwenye kahawa yake akiimba.