Pumu Aja Kusafisha Jina Lake

Jumamosi saa moja asubuhi, Ng'washi ametoka kutoa kidonge kwenye kopo, michembe ya viazi vitamu inachemka jikoni, Pumu akashuka kwenye bodaboda hapo kwao Ngulyati. Alikuwa mwanaume mwembamba, koti la kaki, kifua kinapiga filimbi.

"Mwangaluka, mayu," akamsalimia Bibi Nyanjige. "Mimi ndiye Pumu."

"Mwangaluka, baba. Vua viatu, nimesiliba sakafu jana."

Pumu akavua, akakaa, akamwaga malalamiko. Miaka minane bibi anamwambia huyu mjukuu kwamba vidonge vyake ni vya pumu. "Mimi hapa kwako sijawahi hata kupita. Watu wangu wako Mkula, wananifahamu. Nimechoka kusingiziwa! Mwambie mtoto ukweli, nirudi zangu."

Ng'washi alikuwa na miaka kumi na tatu, na alijua. Alijua tangu darasa la tano, alipoona kopo kama lake kwenye bango la kliniki, chini yake herufi kubwa: VVU. Kuna mambo mtoto haanzi yeye. Tena VVU ndivyo vilivyomuua mama yake, na tangu mazishi bibi hamtaji mama hata kwa kuteleza. Ng'washi alijua hilo neno likishatoka, na mama ataongelewa: alichekaje, alipenda nini. Basi akashika kidonge mkononi, akasubiri.

"Mke mwenzangu," bibi akaanza, maana ndivyo wanavyotaniana. "Hii dawa unayokunywa..."

Nje jogoo akawaambia kuku wanyamaze.

"...unywe na maji mengi. Haya, mpakulie mgeni."

Pumu akala michembe sahani mbili. Kwenye ya tatu bibi akamuuliza kama ana pa kulala.

"Ukikaa hapa mimi siyo mwongo tena. Pumu si atakuwepo nyumbani? Anayebisha aje amwone."

"Mayu, huo ni ujanja."

"Ujanja gani? Ongeza karanga."

Akapewa stoo, alale na magunia ya pamba. Kazi yake ndogo tu: majirani wakipita saa ya dawa, anamkoholea Ng'washi, ambaye mwenyewe kukohoa hawezi, ana mapafu ya mcheza netiboli. Kliniki, nesi Domitila akamuuliza bibi kwa mara ya nne kama ameshamwambia mtoto. Bibi akasema pumu wanaishi nayo, inakula kuliko wote. Domitila akamwangalia Pumu pale kwenye benchi, akaandika tarehe nyingine.

Jioni moja wanakula, Ng'washi akajaribu.

"Bibi, mama naye alikuwa na pumu?"

Bibi akakaa na tonge mkononi mpaka likapoa.

"Eeh," akasema. "Ya kwake ilikuwa kali."

Pumu akaacha kula. "Huyo naye simjui," akasema.

Bibi akamsogezea mboga.